Kanyere Kwenye Mstari wa Dawa

Mwaka 2001 Kisangani ilikuwa bado na matundu ya mabomu ya majeshi mawili ya kigeni yaliyopigana mjini kwetu siku sita, mwaka uliotangulia. Mimi, Adeline, nilikuwa muuguzi katika kituo kidogo cha afya. Dawa za msaada zilikuwa zimeshuka kwa ndege kwenye uwanja wa Bangboka, na watu walipanga mstari tangu alfajiri, wamekonda, shingo nyembamba kama vijiti.

Katikati yao alisimama Mama Kanyere, muuza samaki wa chumvi, mzaliwa wa Butembo. Alikuwa mnene sana. Alikuja kwa miguu kwa sababu waendesha toleka, zile baiskeli za abiria, walimkataa. Miluzi ya kifua chake niliisikia kutoka mlangoni.

Papa Édouard, mwenyekiti wa kamati ya kugawa dawa, alimpima kwa macho.

"Mama, hii dawa iko ya watu wenye njaa. Wewe vita inakunenepesha. Acha lituma ya ndizi na mawese, pumzi itarudia."

Mstari mzima ulicheka. Na mimi nilicheka, nimeshika kadi yake mkononi. Ilikuwa imeandikwa: pumu, miaka tisa sasa.

Kanyere alitaka kujibu, neno likakwama. Midomo ikawa rangi ya majivu, akaanguka kwenye saruji. Mwanamume mmoja aliruka pembeni ili asiguswe.

"Nani atainua ule muzigo?" akauliza.

Nilipiga magoti, nikatoa kinywani mwake kwa kidole makohozi yaliyonata kama bamia. Si makohozi yaliyonuka. Ni sisi tuliokuwa tunanuka.

Dokta René wa kituo chetu alikuja mbio. Tulimketisha, tukamvutisha pompe, kile kipulizo cha pumu, mara nyingi, tukamchoma sindano. Baada ya nusu saa miluzi ilipungua.

"Papa Édouard," dokta akasema, "unafikiri mafuta ni gunia tu mutu anabeba? Yakizidi, yanaweza kuwasha mwili mzima, kama kidonda cha ndani kisichopona. Mutu wa pumu, njia zake za hewa ziko zimeshavimba. Ule moto unazidisha. Hata dawa inaweza kushika kidogo kwake. Donc, huyu angepita mbele."

"Bon, apunguze kula."

"Atapunguza, tukimsaidia. Kwanza apumue. Na vile vidonge anavyonunua sokoni kila akibanwa, navyo vinanenepesha."

Édouard alipangusa mikono kwenye suruali, ingawa hakuwa amemgusa mtu.

Jioni nilimpelekea Kanyere pompe nyumbani. Aliipokea bila kunikaribisha.

"Sauti yako naijua hata ikicheka, Adeline," akasema. "Ya wengine sikujali."

Akafunga mlango.

Mwezi uliofuata dawa zilikuja tena. Édouard alileta mizani ya kupimia magunia, akaitundika mlangoni, akatangaza kwamba aliyezidi kilo themanini arudi kwake bila dawa. Mwanamke wa kwanza alikuwa ameshaanza kuvua viatu. Niliitungua ile mizani, nikaipeleka nyuma, nikaitupa ndani ya shimo la choo. Nilisikia ikizama. Kisha nilirudi mlangoni, nikamwambia yule mwanamke avae viatu vyake.

Kamati iliniondoa kazini kabla ya saa sita. Kanyere alikuwa ameshahamia kwenye zahanati ya masista, ng'ambo ya mto, ambako walimtibu bila kumuuliza alikula nini.