Mteja Pekee wa Dada

Dada yangu alikuwa katibu muhtasi wa shule kwa miaka thelathini, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyepita mlangoni kwake bila kuambiwa achomekee shati. Alipostaafu akajiandikisha kwenye mafunzo ya ushauri nasaha kwa wafiwa, pale ukumbi wa hospitali. Nilipopata habari hizo niliwahurumia wafiwa.

Kusoma alisoma, sitaki kumsingizia. Alikuwa na daftari la maneno yaliyokatazwa: "jikaze", "yameshapita", "wenzako wamefiwa zaidi". Maneno yote hayo ni yake, ameyatumia maisha yake yote, na sasa ameyapigia mstari mwekundu kama makosa ya watoto wa watu. Kilichobaki ni vikao kumi vya mazoezi na mfiwa halisi, cha mwisho kikiwa mbele ya msimamizi. Bila hivyo hakuna cheti, na bila cheti ile nafasi aliyoahidiwa kliniki anapewa mwingine. Wateja wake wawili wa kwanza walimkimbia. Mmoja, dada alimwambia akae vizuri kwenye kiti. Wa pili, dada alimsahihisha tarehe ya msiba wake mwenyewe.

Nikabaki mimi. Mke wangu alikuwa amefariki miezi saba nyuma, kwa hiyo sifa nilikuwa nazo. Tatizo ni kwamba ndugu haruhusiwi, na kanuni hiyo iko ukurasa wa kwanza kabisa wa kitabu chao. Dada akaandika kwenye fomu: "Mteja ni fundi friji. Hatufahamiani." Mtu aliyenifunga nepi!

Vikao tisa tulivifanyia kwenye karakana yangu, ambayo pia ni sebule yangu, katikati ya friji zilizofunguliwa matumbo. Dada anafagia, ananigombeza kwa kutokula, kisha anatazama saa na kuandika: "Mteja anaendelea vizuri." Mimi natia sahihi.

Siku ya kikao cha kumi akaja msimamizi, mama mmoja mfupi, mpole, mwenye faili nene. Nikampa kiti kilicho kizima, dada akachukua kile kibovu, mimi nikakalia kreti. Tulikuwa tumeshapatana: nigune mara tatu, niseme nimepata nafuu, nishukuru, tuachane salama.

"Karibu," dada akaniambia, ndani ya nyumba yangu. Alikuwa amevaa miwani ya kusomea na sauti laini ambayo sijui aliitoa wapi. "Nikuite nani?"

"Niite Fundi."

"Asante, Fundi. Marehemu alikuwa nani kwako?"

"Mke wangu," nikajibu huku nimeinamia sakafu nisije nikacheka. Dada huyo huyo ndiye aliyetukutanisha.

"Mimi sikubahatika kumfahamu," akasema bila hata kupepesa macho. "Alikuwa mtu wa namna gani?"

Nikafungua mdomo nigune kama tulivyopatana. Mguno haukuja. Kwa miezi yote hiyo watu walikuwa wameingia na kutoka humu ndani, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza swali hilo, kwa sababu wote walimjua. Walikaa, wakasema "tunajua, tunajua", wakaondoka. Na mimi nikabaki naye peke yangu, sina wa kumsimulia.

"Mkorofi," nikasema.

Nikamweleza. Kila friji iliyoingia hapa, mke wangu aliibandika kipande cha karatasi ya gundi na kuandika habari za mwenye friji. "Huyu ana haraka ya uongo." "Huyu akija Jumanne, mwambie haupo." Nikamwonyesha ile ya pembeni, ambayo bado ina mwandiko wake: "Anasema haijawahi kuanguka. Mtazame usoni." Msimamizi alicheka hadi faili likamponyoka. Nikasema alikuwa anashikwa na kicheko misibani, anaficha uso begani kwangu, na watu wanampa pole kwa jinsi anavyolia. Nikasema mengi. Halafu nikasema ambalo sikuwa nimepanga kumwambia mtu yeyote.

"Siku ile aliniita kutoka jikoni. Nilikuwa chini ya friji ya mteja. Nikasema nakuja, nikamalizia kwanza kukaza nati. Nati moja tu. Nilipofika alikuwa ameshaanguka."

Kalamu ya dada ilisimama. Hakusema kitu, na kwa dada yangu hiyo ni kazi ya kubeba mawe. Ukimya ule ulinishinda mimi. Nikafanya ninachofanya siku zote moyo ukinibana, nikakimbilia utani.

"Ila chai alinifundisha yeye," nikasema haraka haraka. "Kwetu chai ilikuwa kama maji ya kusuuzia sufuria."

"We mtoto, usimseme mama!"

Hiyo ndiyo ilikuwa sauti yake halisi, ya ofisini. Msimamizi akamtazama dada, akanitazama mimi, akavitazama na videvu vyetu, ambavyo vingemwambia ukweli tangu alipoingia. Akafunga faili taratibu.

"Kwa huyo mama," akauliza, "mko wangapi?"

"Wawili," tukajibu kwa pamoja.

Vikao vyote kumi vikafutwa. Dada akitaka ataanza upya muhula ujao, na watu baki, lakini nafasi ya kliniki haitamsubiri. Msimamizi aliyasema hayo bila ukali. Alipofika mlangoni akaongeza kwamba swali lile lilikuwa zuri kuliko yote aliyoyasikia mwaka huu, ila hana pa kuliandika.

Nikajiweka tayari. Dada alikuwa ameula wa chuya kwa ajili ya mdomo wangu, na kwa kila kosa langu huwa ana hotuba. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mbona hukuniambia habari ya nati?"

"Ungeniambia nijikaze."

"Ningekwambia," akakubali. "Alikuitaje siku hiyo?"

"Kawaida tu. 'Fundi, njoo.'"

"Hapana." Kusahihisha watu hakuacha hata siku hiyo. "Hakuwa akiita hivyo. Alikuwa anaivuta sauti."

Akageukia upande wa jikoni, macho yamejaa machozi, akaita vile vile alivyokuwa akiita mke wangu, kwa kuivuta mwishoni, na kicheko kikiwa kimebanwa ndani yake:

"Fundi weee! Njooo!"

"Nakuja," nikasema, na nilikuwa nimeshasimama.