Dirisha Linalomtazama Mawimbi

"Humo hatuhamii," seremala alisema, akipiga randa kwa hasira hata ubao ukapungua kuliko alivyotaka. "Tafuta nyumba nyingine."

"Nitafute mpaka lini?" mkewe alimjibu. Alikuwa amesimama mlangoni, ameinua kitambaa juu apate mwanga. Kazi yake ilikuwa kudarizi, na chumba chao kilikuwa na dirisha moja tu, nalo lilitazama ukuta wa jirani. Siku hizi kila akitunga uzi machozi yalimtoka, na juzi shela ya bibi harusi ilirudishwa kwa kuwa maua yalikaa upande. "Kule jua linaingia mpaka chini ya meza. Kazi hii ikinishinda, utaniazima macho yako?"

"Na ng'ambo ya dirisha la huko kuna nani?"

Mke akacheka. "Kumbe ni hilo! Mawimbi?"

Mawimbi alikuwa fundi redio. Zamani aliwahi kumposa mwanamke huyu, akakataliwa, akaenda kuoa kwingine. Lakini kichwani mwa seremala, Mawimbi hakuwa amekataliwa. Alikuwa anasubiri tu. Redio yoyote ikiimba njiani, seremala alihisi anayeimbiwa ni mkewe.

"Mtu ana mke, ana watoto, ana kitambi. Bado unamwonea wivu?"

"Kitambi hakizibi macho."

Hata hivyo kesho yake alikwenda kuiona nyumba, kwa nia ya kuitafutia kasoro. Mama mwenye nyumba alimfungulia chumba akamwacha atazame. Paa hakulitazama, wala sakafu. Alivuta kigoda mpaka pale ambapo meza ya mkewe ingekaa, akaketi.

Ng'ambo ya uchochoro, Mawimbi alikuwa kibandani kwake, amezamisha kichwa ndani ya redio. Seremala alitaka kujua jambo moja: yule akiinua kichwa, angemwona mkewe uso mzima au nusu? Akafanya kama anavyokagua unyoofu wa ubao. Akafumba jicho moja, akalenga. Akainamisha kichwa kidogo, akafumba tena.

Katikati ya mstari ule, mke wa Mawimbi alikuwa anaanika nguo.

"Wee! Unanikonyeza mimi?"

"Hapana, mama, nilikuwa napima—"

"Unanipima? Baba watoto, njoo umwone huyu!"

Mawimbi alitoka na bisibisi mkononi. "Una mke mzuri vile nyumbani, halafu unakuja kumkonyeza wangu?"

Seremala alisimama wima. "Mzuri vile? Umemwona wapi?"

Uchochoro mzima ukaangua kicheko. Mama mwenye nyumba akamshika mkono, akamtoa nje. "Mkeo nampa chumba hata leo. Wewe sitaki hata kukuona, mpaka yule mama akusamehe."

Habari zilimtangulia nyumbani. Mkewe alicheka mpaka akashika ubavu, kisha akaanza kukunja vitambaa.

"Unafanya nini?"

"Nahama. Wivu wako utapoa lini sijui, na macho yangu hayawezi kuungoja. Ukitaka kuja, kaombe radhi. Ukitaka kubaki, baki na ukuta wako."

Hakuwa na utani. Seremala alitazama kitanda, akakiona kitakavyokuwa kipana. Akatoka.

Alimwomba radhi mke wa Mawimbi mbele ya mumewe, ameyakodoa macho yote mawili kama samaki, akiogopa hata kupepesa. Yule mama akacheka, yakaisha. Jioni ileile seremala akabeba meza begani.

Asubuhi, mkewe aliketi dirishani, akatunga uzi mara moja bila kukunja uso. Ni muda mrefu seremala hakuwa ameuona uso ule ukiwa umetulia hivyo, na mwanga umeujaa. Alipendeza mno. Ndipo moyo ulipomruka: kama yeye ameona hivi, Mawimbi je? Akavuta kigoda, akaketi kati ya meza na dirisha.

"Unanizibia," mkewe alisema, bila kuinua kichwa.

Alikaa kidogo. Kisha akasogea.