Kimya cha Mashine ya Kijivu

Mashine ya kwanza ilikuwa na mvua ndani yake. Nilivaa hedifoni, nikafumba macho katikati ya duka, na bila mtu kusema neno nikasikia manyunyu yakianguka juu ya mabati ya mbali. Nikachomoa waya, nikauchomeka kwenye ile ya pili, ya kijivu, iliyobonyea ubavuni. Mvua ikakatika. Ilikuwa kama kuingia msikitini saa ambayo si ya swala, ukabaki unasikia nyayo zako mwenyewe kwenye mkeka.

"Wewe nanunua ama naota?" akauliza Hortense, mwenye duka.

Ulikuwa mwaka 1973. Wahindi wenye duka walikuwa wamefukuzwa mwaka uliotangulia, duka akapewa mume wake, sajenti wa jeshi, naye akamwachia mkewe. Hortense alipanga bidhaa kwa kadiri alivyozielewa. Mashine zile mbili za kuchanganyia sauti, kwa kuwa maboksi yake yaliandikwa "miksa", alikuwa amezisimamisha kati ya masufuria na mabati ya kuokea keki.

"Ya kijivu bei gani, mama?"

Akahesabu vifungo vya kuzungushia sauti kwa ncha ya kalamu. Ya kwanza ilikuwa na vinne, ya kijivu vinane. "Hii bei mara biri," akasema. "Angaria mwenyewe. Vifungo mingi."

Mshahara wangu wa kwanza wa ualimu ulitosha kununua ile yenye mvua tu, na mtu mwingine angeichukua akashukuru. Mimi nilihitaji kimya.

Sababu yenyewe ilikaa upande wa pili wa ukuta wetu, mtaani Kisugu. Jirani yetu Obwona, askari polisi, Mwacholi, wa kabila ambalo serikali ya wakati ule ililishuku, alikuwa akiimba jioni barazani huku akipiga nanga, kinanda cha kwao cha nyuzi. Mama yangu, Bi Shamsia, ambaye hata ngoma za harusi aliziita makelele, alikuwa akisogeza kiti chake dirishani polepole, kama mtu anayefuata kivuli. Kisha siku moja watu wasiovaa sare wakamchukua Obwona kazini. Walipomrudisha alikuwa na kila kitu ila sauti. Iliyobaki ilikuwa nusu, ya mchanga, ambayo ilibidi umwinamie ili kuisikia. Wiki iliyofuata akauza baiskeli, na mtaa mzima ukajua kwamba anaondoka.

Alikuwa avuke kwenda Sudan. Mkewe Helen alikuwa mjamzito, na daktari wa hospitali ya Mulago alikuwa amemkataza safari.

"Hamdun," akaniambia Obwona, "wewe nasoma sana. Iko dawa ya sauti kidogo? Mimi nataka mtoto asikie baba yake kabla ya watu kumwambia habari ya baba yake."

Tulijaribu na tepurekoda ya marehemu baba yangu na maikrofoni moja. Nanga ilimzamisha. Nilipoisogeza maikrofoni mdomoni, nanga ikapotea, na nilipomwomba aimbe bila kupiga alikataa katakata. "Bila nanga," alisema, "mimi iko kama mtu bila suruali."

Zilihitajika basi maikrofoni mbili, ya pili niliiazima shuleni, na mashine ya kuzikutanisha na kuipandisha ile dhaifu. Lakini ukipandisha sauti dhaifu, unapandisha pamoja nayo kila kelele iliyojificha ndani ya mashine. Katika ile yenye mvua Obwona angezama mara ya pili.

"Nataka kumrekodi mtu mwenye sauti ndogo, mama," nikamwambia Hortense. "Anasafiri."

Alinitazama. Miaka ile neno kusafiri lilimaanisha kukimbia, na mtu hakuulizwa anakwenda wapi. Alitazama mlango, kisha akaivuta mashine ya kijivu kifuani, akashika kifungo cha mwisho na kuking'oa. Tap! Akang'oa cha pili, cha tatu, cha nne, akavipanga mezani kama mtu anayechambua maharage.

"Sasa iko nne," akasema. "Lipa ya nne."

Hata leo sijui kama aliamini kwamba bei inakaa kwenye vifungo, au alikuwa ametafuta namna ya kunipunguzia ambayo angeweza kumweleza sajenti.

Kwenye kizuizi cha barabarani askari alifungua boksi. Nilikuwa nimesikia habari za watu waliokutwa na mitambo wakaitwa wapelelezi.

"Hii nini?"

"Miksa, afande."

"Ya keki?" Alicheka, akanirudishia. "Nani naoa?"

"Jirani."

"Leta keki hapa! Usile peke yako."

Siku ya Jumamosi, baada ya alasiri, tuliingia katika ghala ambamo zamani baba aliweka kahawa. Mama alikuwa ameniachia mikeka yake yote niitundike ukutani kuzuia mwangwi. Mwanga uliingia kupitia ufa mmoja na kulala sakafuni, na mimi, kijana mwenye shahada mpya na moyo usio na mlinzi, niliona tayari mtaa wote ukiingia mle mmoja mmoja: bibi wa kasida, muuza mkaa anayepiga mbinja, kila mtu akiacha sauti yake mahali ambapo hakuna mkono ambao ungeifikia.

Helen aliketi kwenye godoro, miguu imemvimba.

"Imba vizuri," akamwambia mumewe. "Mtoto asifikiri baba yake alikuwa kuku."

"Jogoo iko kuku pia."

Akapiga nanga. Upande wa maikrofoni yake nilizungusha kwa vidole chuma kitupu cha kifungo kilichong'olewa, taratibu, na sauti yake ikapanda kama maji kisimani. Hakuna mvua iliyopanda nayo. Nilimsikia ulimi, nikamsikia koo, na kabla ya kila mstari nikasikia pumzi ikivutwa vipande viwili, kama mtu anayepapasa ngazi gizani.

Tulipoisikiliza kanda, Obwona aliinama.

"Hiyo kelele ya pumzi," akasema. "Toa."

Ningeweza. Ingebidi arudie wimbo, nami nishushe sauti baada ya kila mstari na kuipandisha tena. Ingekuwa kazi safi, ya kujivunia. Nikanyoosha mkono kwenye mashine.

"Acha," akasema Helen. "Wimbo hata mimi nitamwimbia. Pumzi yake nitaitoa wapi?"

Obwona akailaza nanga sakafuni. Kisha akaenda kuketi karibu na miguu ya mkewe.

Aliondoka Jumanne juu ya lori la magunia. Ilikuja salamu moja kutoka Juba, haikuja nyingine.

Mtoto alikuwa wa kike, Lakot. Alikua kati ya nyumba zetu mbili, na kila alipotaka nilimwekea ile kanda. Maneno hakuyashika kamwe. Katikati ya wimbo alikuwa ameshakimbilia nje kucheza.

Alipokuwa na umri kama wa miaka minne, mama alimtuma aniite nije kula. Nilikuwa uani. Nilimwona akisimama mlangoni, akajinyoosha, akavuta pumzi kwa vipande viwili, ndipo akaita jina langu.

Nyuma yake mama alikuwa na sahani mkononi. Aliiweka chini.