Maji Yasiyoosha Moshi

Mle chumbani mwa injini walimwita Mpwa, na wala si kwa mapenzi. Chifu, mhandisi mkuu wa meli, alikuwa mjomba wake, basi kila jema alilofanya binti wa watu likawa ni "kubebwa" tu. Safari hii aliapa kuwafunga midomo. Amepewa zamu yake ya kwanza ya kusimamia mnara wa kuoshea moshi, ule unaoumwagia moshi wa injini maji ya bahari mpaka gesi ya salfa ibaki majini. Wakiingia bandarini na moshi mchafu, zamu ananyang'anywa.

Saa moja na nusu kabla ya kufunga gati, namba ya salfa ikaanza kupanda.

"Matundu ya mnara yameziba," alisema fundi pampu. "Ongeza maji."

Wakaongeza. Namba ikazidi kupanda, kama iliyotukanwa.

Mpwa akainama kwenye kichujio cha maji yanayoingia. Yalikuwa na rangi ya chai. Akachovya kidole, akalamba. Hayakuwa na chumvi hata ya kudanganyia.

"Chifu, haya ni maji ya mto. Mvua imeufurisha, umeisukuma bahari kule. Maji ya bahari yana magadi yanayomeza salfa. Haya hata tumwage mto mzima, hayaoshi kitu. Tuhamie mafuta mepesi, yasiyo na salfa nyingi."

"Hapa mlangoni mwa bandari? Ukiyaingiza baridi kwa pupa, pampu iliyozoea mafuta ya moto inakwama, injini inazima."

"Sina pupa. Joto la mafuta lishuke nyuzi mbili kila dakika. Nasimama hapo mwenyewe."

"Na ukikosea?"

"Nimekosea mimi, si mpwa wako."

Fundi pampu alikohoa, akatazama dari. Chifu alimkodolea macho binti wa dada yake.

"Haya. Anza."

Aliogopa, tena sana. Lakini mkono haukubanduka kwenye valvu. Nyuzi mbili, subiri. Nyuzi mbili, subiri. Fundi pampu alipotaka kumpokea, alitikisa kichwa. Saa nzima ikapita, injini inanguruma vilevile, na namba ikashuka chini ya mstari mwekundu.

Simu ya nahodha ikalia.

"Moshi uko sawa," alijibu Chifu. "Mimi? Mimi sikuamua kitu. Subiri, uongee na mhandisi wa zamu."

Fundi pampu ndiye aliyesogea kumpisha.