Kioo Kinachopima Kidole

Simu hizi zenye kioo kinachopima uzito wa kidole zimenimalizia maneno kuliko ndoa yangu. Ukigusa juu juu, kinafunguka kitu kimoja. Ukikandamiza, kinafunguka kingine. Nina miaka kumi na mmoja kwenye kibanda changu cha kutengeneza simu, na tangu zilipoingia, kila wiki naletewa simu nzima niitibu. Mshonaji wa jirani alidai yake ina majini, kwa sababu picha zinaruka akizishika. Mwalimu mmoja aliapa hatabonyeza tena kitu kwa nguvu maishani, hata kengele ya mlango. Wapo wanaozipenda, hasa vijana, wanaokuonyesha jinsi picha inavyochungulia na kujificha utadhani wameziunda wao. Mimi nilikuwa na jibu moja kwa wote: simu haina shida, shida ni kidole.

Jibu hilo nilimpa hata Mzee Gundi.

Mzee Gundi ni fundi viatu, na meza yake iko hatua sita kutoka mlango wangu, baraza moja. Jina hilo alipewa na wateja kwa sababu ya mahubiri yake. Soli, anasema, haishiki kwa gundi, inashika kwa mkono. Unapaka, unaiacha ikauke kidogo, unabandika, halafu unakandamiza kwa dole gumba huku ukihesabu mpaka ishirini. Ukiishia kumi na tano, kiatu kitakuaibisha njiani. Miaka arobaini ya kazi hiyo imelifanya dole gumba lake kuwa pana na gumu kama kisigino.

Simu alitumiwa na bintiye, muuguzi katika mji mwingine, mtoto wake wa pekee. Mwezi wa kwanza wa kuwa nayo alikuja kwangu mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa na foleni, na mdomo wangu hauna breki.

"Mzee, nimeshakwambia, gusa taratibu. Unaikandamiza kama soli, unategemea nini?"

Watu wakacheka. Naye akacheka, akasema samaki hukunjwa angali mbichi, akarudi mezani kwake. Hakuniletea tena simu ile.

Ikapita miezi minne. Zamani habari za binti tulizisikia baraza zima, tupende tusipende: amepandishwa cheo, amenunua jiko, amejifunza kuendesha gari. Siku hizi mzee aligonga misumari yake kimya kimya. Nikadhani ni umri, nikaendelea na shughuli zangu.

Jumanne moja asubuhi akaingia, akaiweka simu kwenye kaunta ikiwa imefungwa ndani ya kitambaa anachofutia rangi ya viatu.

"Fundi, nibadilishie hii. Nipe ya vitufe."

"Imeharibika?"

"Haijaharibika. Sina wa kumpigia."

Nikaanza kuhamisha namba zake. Jina la tatu lilikuwa "Binti", na pembeni yake kulikuwa na alama nyekundu, duara lililokatwa mstari.

"Mzee, mbona umemzuia bintiyo?"

"Nimemzuia kufanya nini?"

Nikamweleza maana ya alama ile: akipiga, simu yako haiiti, na wewe hujui kama amepiga. Akavuta kigoda, akakaa. Kisha akaanza kusimulia. Binti alitaka aache kazi, ahamie kwake, maana macho yake yameanza kuchoka. Yeye akamjibu vibaya kwamba bado hajawa mzigo wa kubebwa, na wakakatiana simu. Kesho yake moyo ukamsuta. Akatafuta jina la binti ili ampigie amwombe radhi.

"Nilitaka ishike vizuri," akasema. "Nikakandamiza jina lake, nikahesabu mpaka ishirini. Yakatokea maneno madogo chini ya kidole, na miwani sikuwa nayo. Nikakandamiza tena. Ndipo simu ikaniuliza, kwa herufi kubwa, kama nina uhakika."

"Ukajibuje?"

"Ningejibuje? Nikakubali. Nilikuwa na uhakika kabisa."

Simu haikuita, naye akaamini binti amekataa kupokea. Akangoja apigiwe, maana kwa hesabu zake mzazi akijishusha mara moja inatosha.

Roho iliniuma. Kuzima upimaji ule kwenye mipangilio ni kazi ya dakika mbili, na siku ile nilijua hivyo. Nikamwambia wazi. "Hili kosa ni langu pia, mzee. Badala ya kukusaidia nilikucheka."

"Ulikuwa na foleni," akasema.

Nikafungua orodha ya simu zilizozuiwa, nikamsomea. Kila Jumapili, saa nne asubuhi. Wiki za mwanzo binti alipiga mara tatu, mara nne kwa siku moja. Baadaye mara moja tu, lakini Jumapili haikupita. Halafu, wiki tatu zilizopita, orodha ikaisha.

"Na wiki tatu hizi za mwisho?" akauliza.

"Hakupiga."

"Labda anaumwa."

"Labda yuko zamu," nikasema, nami sikuwa na hakika hata kidogo.

Nikaondoa kizuizi, nikazima upimaji, nikamrudishia simu. Akataka nimpigie mimi. Nikakataa. Akafuta kidole kwenye shati, akakisogeza polepole, akagusa. Ikaita kwa muda mrefu mpaka nikaanza kuomba kimoyomoyo. Spika ilikuwa wazi, na nakiri kwamba sikuizima.

"Baba?"

"Mimi."

Akamweleza yote bila kupamba: dole gumba, maneno madogo, swali la uhakika. Binti akacheka kidogo, kisha kicheko kikakatika.

"Nilikuwa napiga kila Jumapili, baba."

"Nimeziona. Fundi amenisomea zote. Mbona wiki tatu hizi umenyamaza?"

Nyuma ya binti nilisikia mlango ukifungwa.

"Nilichoka," akasema.

Nilimtazama mzee, nikidhani ataanza kujitetea, maana ndivyo ningefanya mimi. Aliishika simu kwa mikono miwili.

"Basi pumzika, mama," akasema. "Sasa ni zamu yangu kupiga."