Majina Thelathini na Moja ya Walioelimika

Uvumi ulioniganda mwaka ule wa tisini na saba ulisema hivi: mtu akishaelimishwa, shamba lake si lake tena. Jirani yangu Bi Mwanamkuu aliuokota kwenye pantoni ya Ndundu, ile ya kuvukia Rufiji, akaniletea pamoja na sabuni niliyomwagiza. Nikamwambia ni maneno ya abiria tu. Lakini kila nikitwanga, nalisikia lile neno kwenye mchi.

Neno lenyewe sikuwa mgeni nalo. Nilipomaliza darasa la saba, baba alisema sasa nimeelimika, akaacha kunisomesha. Maalim Mshamu wa madrasa alisema aliyeelimika ni yule ambaye nuru imemwingia moyoni, na katika mtaa wetu alikuwa bado hajamwona. Mwalimu Theopista, aliyeletwa kutoka Bukoba kufundisha shule yetu, alisema kuelimika ni kuuliza. Makungwi nao walikuwa na lao, haliandikwi. Kwa hiyo nilidhani nalijua.

Mwezi wa tano likaja boti la mradi wa kufuga kamba, kutoka ofisi yao ya Kibiti. Alishuka Bwana Felix, kijana mwenye viatu visivyofaa kwa tope letu, na nyuma yake zikashuka sufuria mbili za pilau. Akasimama mbele ya shule.

"Ndugu wananchi, leo mmekuja kuelimishwa."

"Kuhusu nini, mwanangu?" akauliza Maalim Mshamu.

"Kuhusu umuhimu wa kuelimika, mzee wangu."

"Na hayo mabwawa ya kamba yatachimbwa wapi?" akauliza Mwalimu Theopista.

"Maswali baada ya chakula, mwalimu."

Kisha akauliza nani ana mwandiko mzuri. Nikanyoosha mkono upesi kuliko nilivyowahi kunyoosha shuleni. Akanipa karatasi. "Andika akina mama wote, uache nafasi hapo juu. Anayeandikwa ndiye anayekula."

Sasa, mwezi wa tano mpunga unakaribia kuiva, na wanawake wengi wanaishi madunguni, vile vibanda vya juu ya nguzo tunakolindia shamba nguruwe na ndege wasimalize. Na kwetu, chakula cha shughuli kikiliwa, aliye dunguni anawekewa sehemu yake. Halijadiliwi. Pale shuleni tulikuwa wanawake kumi na wawili. Niliandika thelathini na moja. Sahani kumi na tisa zikapelekwa kwa mtumbwi, zimefunikwa majani ya mgomba, nami nikajiona mtu mwema.

Maswali hayakuulizwa. Baada ya chakula maji yalianza kupwa, na boti lisipoondoka na maji linakaa kwenye tope mpaka maji yarudi. Bwana Felix aliondoka na maji.

Wiki tatu baadaye ile karatasi ilibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Mwandiko wangu, majina yangu. Pale juu nilipoacha nafasi paliongezwa kwa mashine: Wananchi Walioelimishwa na Kuridhia Kutoa Mashamba Yao ya Mpunga.

Nilikwenda mpaka kwenye dungu la Bi Mwanamkuu. Alikuwa anagonga debe kufukuza ndege.

"Bi Mwanamkuu, umeelimika," nikamwambia.

"Mimi? Lini?"

"Siku ya pilau."

Akaacha kugonga. Ndege wakashuka. "Ile iliyokuwa na mchanga?"

"Hiyo hiyo. Na umeridhia kutoa shamba."

"Shamba hili mama yangu alilisafisha ni mikoko mitupu. Mie nimelitoa kwa sahani ya pilau?"

"Nusu sahani. Walipakua kidogo."

Hakucheka. "Na lako je, Mama Johari?"

Langu lilikuwa namba moja. Nilijiandika kwanza, kwa herufi kubwa. Ndilo shamba nililomwekea binti yangu Johari, na maji ya chumvi ya mabwawa ya kamba yakiingia humo mpunga hauoti tena.

Nikisema kweli, kwamba nimeandika watu wasiokuwapo, huenda nikafungwa. Nikinyamaza, mashamba thelathini na moja yanakwenda. Nikaenda kwa Mwalimu Theopista, nikamweleza.

"Nani anajua kwamba hawakuwapo?" akaniuliza.

"Mimi."

"Basi ni wewe wa kusema, mama."

Sikupenda jibu lile, lakini sikuwa na jingine.

Bwana Felix aliporudi kukisomea kijiji ile karatasi, nilisimama kabla hajafikia jina la pili. Kanga nikaifunga upya bila sababu.

"Kumi na tisa kati ya hao hawakuwapo. Nimewaandika mimi ili wale."

"Mama, unajua hilo ni kosa?"

"Najua. Na kichwa cha habari sikukiandika mimi."

"Ulielimishwa kuhusu karatasi hii!"

"Nilielimishwa kuhusu umuhimu wa kuelimika," nikasema. "Kamba tungeulizia baada ya chakula."

Bi Mwanamkuu, aliyeacha shamba lake kwa ndege ili ahudhurie, akapaza sauti: "Na sufuria lijalo mwoshe mchele!"

Watu wakacheka. Karatasi ilibanduliwa siku ile ile. Niliitwa Kibiti, nikakaa siku mbili nikiandika maelezo, ukurasa baada ya ukurasa, wakaniambia niende, nikihitajika nitaitwa. Mpaka leo nikisikia boti naingia ndani. Lakini mpunga tulivuna, na Johari ameula.

Sasa Johari naye amemaliza darasa la saba. Juzi kumekuja watu wengine, wenye sufuria tatu, wamemsifia mwandiko. Amerudi nyumbani anatabasamu. Ndiyo maana naandika, kwake na kwa wenzake wenye mwandiko mzuri.

Epukeni haya:

Kuandika kwenye karatasi ambayo juu imeachwa wazi.

Kumwandika aliye dunguni. Mwekeeni chakula kutoka sahani yenu.

Kula kabla ya kuuliza.

Semina inayoanza maji yakiwa yamejaa.

Kujiandika namba moja.

Kumwamini mtu anayesema mmeelimika, kabla hajawaambia mmejua nini.