Mgeni Hafunguliwi Mlango

Mpwa wangu tunamwita Redio, na si kwa sababu anaimba. Ana miaka mitano, na hakuna habari ya nyumba hii ambayo hajaitangaza. Siku moja muuza magodoro alibisha hodi tu, akaondoka akijua kwamba mama wa mtoto huyu ni fundi cherehani, kwamba kila Jumanne huenda kununua nyuzi, kwamba ufunguo wa akiba unalala chini ya ndoo ya kudekia, na kwamba mjomba, yaani mimi, hukoroma. Tena alipewa kiti.

"Kukoroma tungesamehe," dada yangu aliniambia jioni ile, pini zimejaa mdomoni. "Lakini ufunguo? Wewe umemaliza shule, upo hapa unasubiri matokeo na kula. Mfundishe huyu mtoto."

"Nimfundishe nini?"

"Asituuze."

Nikaanza kazi. Jamani, kumfundisha Redio kunyamaza ni sawa na kumfundisha jogoo kulala mpaka saa nne. Tulifanya mazoezi wiki nzima. Natoka nje, nabisha hodi, mara mimi ni fundi bomba, mara ni shangazi wa uongo mwenye pipi. Yeye anapanda kigoda, anachungulia kwenye nondo za dirisha, ananijibu. Sheria zangu zilikuwa fupi ili ziingie: mgeni hafunguliwi mlango, mgeni hapokelewi kitu, na akiuliza mama yuko wapi, usiseme katoka. Sema mama ana kazi.

"Hata akijua jina langu?"

"Hata akijua jina la mwanasesere wako."

Siku ya tano alinifungia hata mimi, nikakaa kibarazani mpaka dada aliporudi. Badala ya kukasirika nilijipongeza. Sikujua kuwa nimetega mtego kwenye njia ninayopita mwenyewe.

Jumamosi dada aliamka mapema akadeki chumba cha mbele, ambacho ndicho karakana yake: cherehani dirishani, meza ya kukatia, pasi, na sketi ya mfano imetundikwa ukutani, imepigwa pasi mpaka inaogopesha. Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi ya mtaa wa pili alikuwa anakuja kuona kazi. Fundi wao wa zamani alihama, na shule nzima ilihitaji sare. Dada alikuwa mwaka mzima anapunguza suruali za watu na kubadilisha zipu. Kazi hii aliitaka mpaka akawa anaongea na vifungo usingizini.

"Leo tuna mgeni," alimwambia Redio huku akimsuka. "Mgeni mkubwa sana. Uwe na adabu."

Redio akanigeukia, macho yamemtoka. Mimi nikamkonyeza. Nilidhani anafurahi.

Ilipokaribia saa nne, dada akagundua uzi wa bluu umekwisha. "Nakimbia duka la kona, narudi sasa hivi." Nikaona na mimi nioge, nisije nikaiaibisha familia. Walimu wakuu wengine huchelewa. Huyu aliwahi.

Nina povu kichwa kizima nikasikia: "Hodi wenyewe!"

"Nani?" Huyo Redio, ameshapanda kigoda.

"Mimi mgeni wenu, mwanangu. Nifungulie."

"Wewe ni mgeni?"

"Ndiyo. Mgeni wa mama."

"Basi siwezi. Mgeni hafunguliwi mlango."

"Hafunguliwi! Nani kakufundisha hayo? Hujasikia wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone?"

"Kwani mimi naumwa?"

Nikajaribu kupiga kelele, nikala povu.

"Mama yuko wapi?"

"Mama ana kazi."

"Ana kazi?" Sauti ikapoa. "Mwambie Mwalimu Mkuu amefika."

"Mama ana kazi."

"Mtoto, jua kali hapa. Haya, nimekuletea biskuti."

"Mgeni hapokelewi kitu. Na mjomba yuko bafuni, ana sabuni machoni, haoni, kwa hiyo hawezi kuja. Kwaheri."

Nilitafuta maji, maji yakanitafuta. Nilipofika mlangoni na kuvuta komeo, nilikuwa na taulo tu na povu sikio moja. Kibarazani alisimama mama wa makamo, nadhifu kama daftari jipya, jasho linamtiririka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kumbe wewe ndiye kipofu wa bafuni."

Dada naye akatokea kwenye kona anakimbia, uzi mkononi. Mwalimu Mkuu hakumngoja avute pumzi.

"Mama, nimesimama juani. Nimeambiwa una kazi. Na mimi nina kazi, na nina watoto shule nzima wanaojua kumpokea mgeni. Huyu wako hana heshima. Aniombe radhi, kisha tuzungumze habari ya sare."

Redio alikuwa nyuma yangu ameshika taulo kwa mikono miwili, jambo lililonipa hofu ya peke yake. "Mjomba, nimekosea? Si ulisema wewe?"

Nilisema, ndiyo. Nilimaanisha mtu tusiyemjua, nikasema mgeni, na mtoto wa watu akalibeba neno lote kama lilivyo. Sasa neno lingine dogo, samahani, lingetupa sare za shule nzima. Ingekuwa ni mimi wa kuamua, angelisema mara tatu. Nikafungua mdomo, lakini dada akanipita.

Alichuchumaa mbele ya mtoto. "Hukukosea," alimwambia. Kisha akasimama. "Mwalimu, kwa jua nakuomba radhi, tena sana. Mimi ndiye niliyetoka. Kwa mlango, siombi, na yeye haombi. Nikimkemea leo kwa ajili yako, kesho atamfungulia mwenye sauti nzuri kuliko yako."

Moyoni nikaziaga sare, moja moja, kuanzia darasa la kwanza.

Mwalimu Mkuu akatoa leso, akajifuta shingo taratibu. "Sauti yangu ina ubaya gani?"

"Haina ubaya," alijibu Redio. "Ila inagomba."

Mwalimu akakohoa, kile kikohozi cha mkubwa anayezuia kicheko kisimvue cheo. Kisha akamtazama dada, wakatazamana kama wanawake wawili waliolea. "Haya. Naweza kuingia?"

Redio akamwangalia mama yake. Mama akaitikia kwa kichwa. Hapo tu ndipo Redio alipovuta kigoda chake mwenyewe na kumpa mgeni.

Msidhani mambo yalilainika. Sketi ile iligeuzwa nje ndani, mshono ukapitishwa kidole kuanzia kiunoni hadi kwenye pindo, mfuko ukavutwa kama unadaiwa. "Pindo zuri. Kifungo hiki kimelegea, mtoto wangu wa darasa la kwanza atakimeza kabla ya mapumziko." Dada hakujitetea. Alichukua sindano, akakikaza palepale.

"Na wewe," Mwalimu akanigeukia, nami wakati huo nimeshapata shati. "Somo lako lina tundu. Mlango kafunga, lakini dirishani katangaza kwamba mtu mzima pekee wa nyumba haoni. Ningekuwa mwizi, ningeondoka na cherehani hii nikikuachia sabuni."

"Nitarekebisha, Mwalimu."

"Rekebisha. Halafu Jumatano uje uwafundishe wa kwangu. Juzi mtu nisiyemjua kaingia getini, wakampokea mkoba." Akakunja sketi na kuiweka kwenye begi lake. "Mama, madarasa ya chini uanze wewe. Nikiridhika, tutaendelea na ya juu. Kitambaa nitamtuma mtu akuletee Jumatatu."

Dada alishukuru mara mbili.

"Mtu gani?" aliuliza Redio.

Mwalimu Mkuu alikuwa ameshafika kizingitini. "Dereva wetu wa shule."

"Anafananaje?"

"Mrefu. Ana pengo la jino."

"La kulia au la kushoto?"

Mwalimu alifikiri, akafumba jicho moja, akafumba la pili. Mwishowe akaweka begi chini, akatoa simu.

"Ngoja nimpigie nimuulize."